Mwanangu, meza haifungwi

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma, nikamsomea na baba yako mdogo, naye akacheka. Mimi sikucheka. Unataka kuacha duka pale Kariakoo ili uishi kwa pool. Kwenye simu huwa unanikatiza, kwa hiyo leo nakuandikia.

Mkono wako sina ubishi nao. Hapa Mbagala kuna watu wazima na heshima zao wanaoegesha fimbo ukutani wakikuona unaingia. Lakini kumfunga mtu aliyekwisha kunywa bia nne si kipimo cha kuachia kazi.

Wewe meza unaiona ukiwa umeinama. Mimi naiona nikiwa kaunta ya baa yangu. Mchezo mmoja ni shilingi 500 na unachukua kama dakika kumi. Meza ikijaa bila kupumzika, kwa saa moja inaingiza 3,000, na kuanzia saa kumi jioni mpaka saa tano usiku ni 21,000. Nusu ya mwenye meza, nusu yangu. Na hiyo ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Jumanne sarafu zinaweza kuhesabiwa kwa vidole. Hata hivyo meza haifungwi. Akishinda huyu au yule, sarafu imeshaingia. Mchezaji peke yake ndiye anayekula akishinda tu.

Najua utaniambia kuna dau. Dau nimelitazama miaka mingi, na lina ubaya ambao vijana hawauoni: ukizidi kuwa hodari, wa kucheza naye wanapungua. Leo umemla mtu elfu ishirini, kesho anataka umwachie mipira miwili ya bure, keshokutwa anakwambia mgongo unamuuma. Itabidi uhame mtaa: Tandika, Buguruni, Manzese, na kote huko ujifanye hujui. Na wewe ni binti. Hela ya mlevi saa tano usiku ina maneno yake, na mimi sitakuwepo kaunta.

Mashindano nayo yanategemea mfuko wa mtu. Unakumbuka jinsi yale ya Safari Lager yalivyokuwa yakijaza baa? Bila kampuni ya bia hakuna kombe, hakuna nauli, hakuna sare. Hata huko duniani ni hivyo hivyo. Efren Reyes wa Ufilipino, bingwa wa dunia wa pool ya mipira tisa mwaka 1999, mtu aliyelelewa kwenye ukumbi wa pool wa mjomba wake mjini Manila, mwaka 2006 alishinda shindano la Marekani lenye zawadi ya dola 500,000. Waandaaji wakatangaza kwamba hela hawana, wakaanza kuwalipa wachezaji kidogo kidogo. Kama Reyes amewahi kusubiri hela yake, wewe utaishi na ahadi ya nani?

Yupo mwingine ambaye ningependa umfuatilie, Allison Fisher wa Uingereza. Alikuwa ameshachukua ubingwa wa dunia wa snuka, mchezo ndugu wa pool, kwa wanawake mara saba. Mwaka 1995 akaiacha snuka, akahamia Marekani kucheza pool kwa sababu huko ndiko wanawake walikokuwa na ligi ya kulipwa. Mtu mwenye kipaji kile bado alikaa akapiga hesabu ya wapi pana mshahara.

Sasa mazoezi. Wewe unacheza sana, ila hufanyi mazoezi. Kucheza ni kumtazama mpinzani. Mazoezi ni kuitazama nyeupe, ule mpira unaopigwa kwa fimbo. Weka mpira mmoja mahali palepale, uutie, uweke kipande cha karatasi pale nyeupe ilipoishia, kisha urudie mpaka karatasi zikae pamoja. Nyeupe ikigonga mpira huku ikiteleza bila kuzunguka, inaondoka kwa pembe mraba, nyuzi 90, na mpira unakoelekea. Ikiwa inabingirika, na umeugonga mpira nusu yake, inaacha njia yake kwa nyuzi 30 na kitu hivi. Hizo mbili zikikaa mkononi, nusu ya bahati unayojisifia utaacha kuihitaji.

Halafu kuna zoezi ambalo wenzetu wa nje huliita kucheza na mzimu. Unavunja, unaishika nyeupe na kuiweka popote utakapo, kisha unamaliza mipira yote bila kukosa. Ukikosa mmoja tu, mzimu umeshinda, maana yeye hakosi. Anza na mipira mitatu. Ukimfunga mara nyingi kuliko anavyokufunga, ongeza wa nne. Ukifika tisa ukamfunga kila siku, hapo njoo tuzungumze habari ya kuacha kazi.

Na uiogope nyeupe ya mtaani. Meza nyingi za sarafu huitambua nyeupe kwa ukubwa wake au kwa sumaku ili ziirudishe ikitumbukia, kwa hiyo mara nyingi haina uzito sawa na mipira mingine. Nyeupe nyepesi, kama hii ya hapa, hurudi nyuma kirahisi. Ndiyo maana hapa unaonekana mchawi. Siku utakapocheza na seti ambayo mipira yote ina uzito mmoja, pigo lilelile litaiacha nyeupe katikati ya meza, nawe utasema fimbo ni mbovu.

Mwenye meza nimeshazungumza naye. Alfajiri kabla hujaenda Kariakoo, tutaziba mashimo kwa matambara ili mipira isimezwe, na sarafu hatudaiwi. Kitambaa kikichanika ni juu yetu. Mjumbe nitamweleza mapema, maana tangu mwaka 2016, serikali ilipokuja juu kuhusu vijana wanaocheza pool saa za kazi, mlio wa mipira asubuhi huwa unaleta wageni.

Ijumaa fundi anakuja kubadilisha kitambaa na kukaza raba za pembeni. Nimemwomba umshikie vifaa. Huyo bwana hajui kucheza hata kidogo, lakini kutoka hapa mpaka Chamazi anaitwa yeye, na analipwa kabla hajaondoka. Kubandika ngozi kwenye ncha ya fimbo utajifunza kwa siku moja, na fimbo zilizokatika ncha hapa kwangu tu zipo za kutosha.

Dukani usiage kwanza. Rudi nyumbani, chumba chako kipo, nimeondoa makreti. Chaki uje nayo, ya hapa wateja wameimaliza.

Mama yako