Mwalimu wa chakacha naye apewe haki yake

Mhariri,

Harusi za Mombasa bado zina chakacha, ngoma ya wanawake ya kuzungusha kiuno, lakini wanaoifundisha hatuwasikii wakitajwa. Inatuuma, kwa sababu kazi yao si kutikisa kiuno tu kama wengi wanavyodhani.

Mwalimu hodari huanza na miguu. Mapigo huhesabiwa 6, mafungu mawili ya tatu tatu: mguu mmoja hukanyaga kwenye pigo la kwanza, wa pili kwenye la nne. Magoti yalegezwe. Msichana akikaza magoti, kiuno hakizunguki. Hutikisa mabega badala yake, na kesho yake mgongo unamuuma. Kosa hili ndilo gumu zaidi kuliondoa, hasa kwa aliyejifunza kwa kutazama video, maana ameona umbo bila kuisikiliza ngoma.

Leso, yenye urefu wa kama mita 1.5, hukunjwa ikafungwa kwenye nyonga. Ikifungwa juu, tumboni, hupanda na mwendo hauonekani.

Ngoma nazo: vumi, ile kubwa, hushika pigo zito; chapuo, ile ndogo, hujaza juu yake. Spika kubwa hulimeza vumi, na mchezaji hupotea hapo hapo.

Tunawaomba wenye harusi na walimu wakuu wa shule wamwite mwalimu pamoja na wapigaji wake, wamlipe kama fundi mwingine yeyote, na wampe angalau saa 1 ya mazoezi bila spika.

Wapenzi wa ngoma,
Mombasa