Barua ya wazi kwa maprofesa wapya wa Lamu kuhusu mhadhara wa uprofesa

Wanangu maprofesa,

Assalaam alaykum. Hongereni kwa kupanda cheo. Hilo joho mmelitolea jasho, na wazee wenu tumefurahi kwa dhati.

Nawaandikia juu ya ule mhadhara ambao profesa mpya hutakiwa kuutoa mbele ya makamu mkuu wa chuo, wenzake na umma, aeleze taaluma yake imefika wapi. Mtautoa huko mliko, Nairobi, Mombasa au ng'ambo. Ombi letu ni kwamba muutoe na mara ya pili hapa Lamu, kwa Kiswahili. Ushauri wangu unahusu namna ya kuuandika ili ufae pote pawili.

Kosa linalouharibu mhadhara wa namna hii mara nyingi ni profesa kusoma wasifu wake. Dakika kumi shukrani, kumi na tano orodha ya makala na ruzuku, kumi safari za nje, na hali ya taaluma ikabaki na dakika tano za mwisho, watu wakishatazama saa. Anayekukaribisha ameshausoma wasifu wako, basi usiurudie. Shukrani ziwe dakika tatu, na zije mwisho. Wazazi na walimu watajwe kwa majina, wafadhili waandikwe kwenye kijitabu.

Msikilizaji amekuja kukusikia ukisema wenzako waliamini nini ulipoingia katika fani, kitu gani kikaja kuwatikisa, na leo wanabishania nini. Mwaka 1789, mjini Jena huko Ujerumani, mshairi Friedrich Schiller alipotoa mhadhara wake wa kwanza wa historia, ukumbi ulifurika hata watu wakakimbia njiani kuwahi nafasi katika ukumbi mkubwa zaidi. Siku ile alimtenga msomi wa kutafuta mkate na msomi wa kutafuta ukweli. Wa kwanza huogopa kila ugunduzi mpya, kwa sababu unamvurugia akiba aliyojiwekea. Ukitaka kujua umeandika mhadhara wa msomi yupi, tafuta ndani yake ukurasa unaosema fani yako ilikosea wapi. Usipouona, rudi mezani.

Tuchukue akiolojia, kwa kuwa ushahidi wake uko mlangoni petu. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba Manda, kisiwa jirani, akahitimisha kuwa mji ule wa karne ya 9 ulianzishwa na wageni kutoka Ghuba ya Uajemi. Kwa fikra za wakati ule, ukuta wa mawe na vyombo vya ng'ambo vilitosha kuwa hoja. Kisha katika miaka ya 1980 mwenzake wa fani, Mark Horton, akachimba Shanga, kisiwani Pate. Chini ya msikiti wa mawe alikuta misikiti mingine iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, na ile ya chini kabisa ilikuwa ya miti na udongo, ya karne ya 8. Yaani mji ulikua hatua kwa hatua kutoka kwa wenyeji wake, na mawe yakaja baadaye. Mwaka 2023 timu iliyokuwa na Chapurukha Kusimba ikatoa matokeo ya vinasaba (DNA) vya watu 80 waliozikwa kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi. Katika wengi wao zaidi ya nusu ya asili ilikuwa ya Kiafrika, hasa kwa upande wa wanawake. Asili ya Kiasia ilikuwa kubwa pia, sehemu yake kubwa ikitoka kwa wanaume wa Uajemi, na kuchanganyika kulikuwa kumeanza kufikia mwaka 1000 hivi. Watoto wakashika lugha ya mama zao.

Huo ndio uti wa mgongo wa mhadhara mzima: hoja ya kwanza, hoja iliyoipindua, kisha ushahidi unaomtaka kila upande ukubali kitu ambacho haukukitaka. Na hapo pa mwisho kuweni waangalifu sana. Mkitaja vinasaba Lamu, kuna atakayetoka ukumbini akidai amethibitishiwa kuwa ukoo wake ni bora kuliko wa jirani. Semeni mapema, tena mara mbili, kwamba hao ni watu 80 wa makaburi ya miji michache. Hawawasemei watu wote wa pwani, sembuse ukoo wa mtu aliyeketi mbele yenu.

Kisha onyesheni kitu kinachoshikika. Kigae kimoja cha chungu cha kale chenye mistari ya pembetatu shingoni kinafanya kazi ambayo picha ishirini za ukutani haziwezi. Vigae vya mtindo huo, wa karne ya 7 hadi ya 10, vimeonekana kwenye visiwa vyetu, bara kando ya Mto Tana, na kusini mbali sana. Mpe mtoto wa mstari wa mbele akishike, aipitishe kucha kwenye ile michoro, kisha uulize: mfinyanzi wa bara na mfinyanzi wa kisiwani walijifunza wapi mkono mmoja? Kigae hicho kiazimeni makumbusho. Msikiokote Shanga, maana thamani yake iko katika tabaka la udongo kilipolala. Kikishaokotwa hakina tena cha kusema.

Wa fani nyingine mtapata chenu. Wa sayansi ya bahari ana mwaka 1998, maji yalipopata joto, matumbawe yakapauka na mengi yakafa, na wataalamu wakalazimika kuuliza kwa nini sehemu moja hupona na nyingine haiponi. Wa misitu ana mikoko, na zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya imo katika kaunti hii. Wa hisabati aombe ubao na chaki, achukue tatizo moja tu.

Nalisisitiza hilo la "moja tu". Ali Mazrui, mwana wa Mombasa, alipotoa mhadhara wake wa uprofesa Makerere mwaka 1966, hakujaribu kuieleza sayansi ya siasa yote. Alichukua nafasi ya Ugiriki ya kale katika fikra za kisiasa za Afrika, akapita mlango huo mmoja. Anayetaka kugusa kila tawi la fani yake humaliza saa nzima bila hoja hata moja kukaa.

Sasa lugha. Msitafsiri karatasi ya Kiingereza. Mkifanya hivyo mtapata sentensi ndefu za "ambayo" juu ya "ambayo", na watu watanyamaza kwa adabu tu. Wekeni karatasi ile kando, mwelezeeni mama au shangazi hoja yenu kwa mdomo, mjirekodi, kisha muandike kutokana na ile sauti. Istilahi mpya zisizidi kumi, na kila moja ielezwe kwa sentensi moja pale inapotajwa mara ya kwanza, isiachwe mpaka mwisho. Ukisoma Kiswahili kwa utulivu utatumia kama maneno 100 kwa dakika, kwa hiyo dakika 45 ni maneno 4,500. Mwenye kurasa thelathini atakimbia, na akikimbia hasikiki.

Mahali panapofaa ni ua wa Ngome ya Lamu. Lakini saa kumi alasiri bado kuna mwanga mkali, na picha za projekta hazionekani. Chapisheni picha mbili au tatu kwenye kitambaa, upana wa mita moja na nusu, zitundikwe. Kipaza sauti kiwe na betri yake, umeme usiwakate katikati ya hoja.

Anzeni saa kumi na robo, watu wakishasali alasiri. Saa kumi na moja mwe mmemaliza kusema, ili maswali yapate dakika arubaini kabla watu hawajakwenda kutia udhu wa magharibi. Chuoni ni desturi mhadhara huu usiulizwe maswali. Hapa msijaribu, kwa sababu mji huu umelelewa kwa darsa, na anayesema bila kuulizwa huonekana anaficha kitu. Gawanyeni vikaratasi na kalamu upande wa wanawake na wa vijana, maana wenye maswali mazito mara nyingi si wenye sauti kubwa. Usilolijua, sema hulijui.

Tarehe msiipange kwa kalenda ya chuo peke yake. Wiki ya Maulidi mji haukaliki, na Ramadhani labda baada ya tarawehe. Tena wapo wa Faza, Siyu na Pate watakaotaka kuja, na mashua zao hupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, maji yakijaa. Mkichagua siku ambayo mhadhara ukiisha maji yametoka, mmewalaza hapa Lamu bila kuwauliza. Tazameni jedwali la maji kwanza, kisha ndiyo mchague siku.

Kijitabu kichapishwe kwa herufi kubwa, nakala zibaki maktaba ya Ngome na kwenye madrasa na shule za sekondari. Rekodi ya sauti itumwe kwa simu, kwa kuwa wengi wataisikiliza wakiwa kazini.

Tunahitaji miezi miwili kuandaa viti, mikeka na mashua. Tuleteeni tarehe mbili, tutawajibu ipi inafaa.

Mzee wenu,
Mkomani, Lamu