Seva ya Linux Ikiharibika Leo, Utazitaka Faili Zipi Kesho?

Wateja wetu wengi hapa Kisumu, wawe ni wenye maduka ya dawa, shule au saiberi, hutuletea kompyuta ya Linux ambayo diski yake imekufa baada ya umeme kukatika mara kwa mara, na tukiwauliza kuhusu nakala rudufu hutuonyesha /home peke yake, yaani folda ya faili binafsi za watumiaji. Wanaamini kwamba mfumo wenyewe utarudi ukisakinishwa upya. Programu zitarudi, ni kweli, lakini mipangilio iliyorekebishwa kwa mkono kwa miaka mitatu haitarudi.

Sisi hujiuliza swali moja: je, faili hii inaweza kupatikana tena kwingineko? Karibu vyote vilivyomo katika /usr, folda ya programu zilizosakinishwa, vinaweza kupakuliwa upya, kwa hiyo hutosha kuhifadhi orodha ya programu, ambayo kwenye Debian na Ubuntu hutolewa na amri ya dpkg --get-selections. Kwa upande mwingine, /etc, folda ya mipangilio, ihifadhiwe yote bila kuchagua, kwa sababu ni ndogo na ndimo yanamokaa majina ya watumiaji, mipangilio ya mtandao, ya printa na ya diski. Ongeza /root (folda ya msimamizi mkuu), /usr/local na /opt (programu ulizoongeza mwenyewe) na ratiba za kazi zilizomo /var/spool/cron, ambazo husahaulika mno.

Penye utata zaidi ni /var, folda ya data inayobadilika kila mara. Acha /var/cache; kumbukumbu za /var/log zihifadhi ikiwa mkaguzi wa hesabu huziulizia; lakini /var/lib ichunguze kwa makini, kwani mara nyingi ndimo hifadhidata ya mauzo iliyomo. Kunakili /var/lib/mysql huku MySQL, programu ya hifadhidata, ikiendelea kuandika hukupa faili ambazo hazikubaliani, nawe hutalijua hilo hadi siku ya kuzirejesha. Tumia amri ya mysqldump, au pg_dump ikiwa hifadhidata yako ni ya PostgreSQL, kisha uhifadhi kile kinachotolewa na amri hiyo.

Usiguse /proc, /sys, /dev wala /run. Vilivyomo humo havikai kwenye diski bali huundwa na mfumo unapowaka, na faili ya /proc/kcore hujionyesha kuwa na terabaiti takriban 128 kwenye kompyuta nyingi za biti 64, jambo ambalo limewahi kumtia hofu zaidi ya mteja mmoja.

Flashi za kawaida zenye mfumo wa FAT hazitunzi mwenye faili wala ruhusa zake, kwa hiyo zifunge faili kwanza kwa tar, amri inayozikusanya katika furushi moja, ukiwa na mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu. Na kwa kuwa /etc/shadow hubeba nywila zilizofumbwa, furushi hilo lifungwe kwa gpg, programu ya kufumba faili kwa nywila, wala lisiwekwe kwenye rafu ileile ilipo seva.

Ukituletea nakala uliyo nayo sasa, tutairejesha kwenye kompyuta yetu ya majaribio ukiwa umeketi hapo, tukianza na /etc, ili uone mwenyewe kilichokosekana.