Mshahara wa saisi usitutenge mashindanoni

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie pendekezo lililotolewa mwezi uliopita katika kikao cha wapanda farasi hapa Jinja: mbio za masafa marefu zigawanywe madaraja mawili, la kulipwa na la ridhaa, na yeyote anayepokea pesa kwa kazi ya farasi aingie la kulipwa.

Kwenye ngumi mgawanyo huo unaeleweka, kwani bondia wa kulipwa analipwa apigane. Mimi ni saisi, mtunza farasi wa kuajiriwa, kwa miaka kumi na mmoja sasa. Nalipwa nizoe samadi, nipige farasi brashi na kuongoza watalii kando ya Nile. Silipwi nishindane. Lakini mwenye farasi watano, mwalimu wake na daktari wa mifugo wa kumpigia simu usiku, huyo ndiye ataitwa wa ridhaa. Mwaka jana nilishaonja: nilimaliza kilomita 40, farasi yuko imara, nikaambiwa matokeo yangu hayahesabiwi kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu. Iliniuma sana.

Jambo hili lina historia. Katika Olimpiki ya London, 1948, Sweden ilishinda dhahabu ya timu katika dresaji, yaani mashindano ya kumwongoza farasi kwa hatua za ustadi, kisha ikanyang'anywa kwa sababu Gehnäll Persson alikuwa sajenti, na kanuni ilitaka wanajeshi wawe maofisa. Upandaji wake haukuwa na kasoro iliyomnyima medali. Cheo ndicho kilichomponza. Kanuni ikabadilishwa, na Helsinki, 1952, Persson akatwaa dhahabu na timu yake.

Masafa marefu yana hakimu wake. Farasi akiingia kituo cha ukaguzi namvua tandiko, namwagia maji shingoni, naweka kiganja nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto, nahesabu mapigo ya moyo. Kwa kanuni za kimataifa mapigo yasiposhuka hadi 64 kwa dakika ndani ya muda uliowekwa, safari yake imeishia hapo, awe wa tajiri au wa nani.

Ni kweli, anayepanda kila siku ana faida. Basi tugawe kwa uzoefu, kwa kilomita ambazo mtu amemaliza. Chama cha mbio hizi cha Marekani, AERC, hugawa kwa uzito wa mpandaji pamoja na tandiko, na vijana wana daraja lao. Katika mbio za Tevis za California, kilomita 160, tangu 1964 kuna kombe la farasi aliye katika hali bora miongoni mwa kumi wa kwanza. Kombe la namna hiyo ndilo ningelitaka hapa, ambako mbung'o na nagana, ugonjwa wanaoueneza, vimetuachia farasi wachache. Farasi akisusa pumba alfajiri, saisi ndiye wa kwanza kujua.

Naomba masaisi tuitwe kwenye kikao kijacho. Kile kilichopita tulikuwa nje, tumeshika farasi.

Saisi,
Jinja