Mvua ilikatika jioni, mto ukaja usiku

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja. Ripoti yenu ya wiki iliyopita kuhusu mto wetu kuvunja kingo imenishinda kuinyamazia. Mmesema mvua ya dhoruba ilitukuta ghafla. Si kweli hata kidogo.

Mvua ilikatika saa kumi jioni. Mto uliingia chumbani kwangu saa saba usiku, nyota zikiwa nje. Hayo ni masaa tisa! Maji ya juu mtoni husafiri, kila kijito kikiongeza ya kwake, na sisi wa chini hutufikia wakati tumeshalala. Nilizinduka godoro limelowa, nikambeba mama mgongoni. Uani maji hayakunifika magotini, lakini yalinizoa miguu, tukaanguka wote wawili gizani, na kwa muda nilioshindwa kuupima nilikuwa nimeshika kitenge chake tu. Sentimita 15 za maji yanayokwenda kasi zinatosha kumwangusha mtu mzima. Mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 1,000. Nani alituambia hayo kabla? Na katika masaa yale tisa, nani aligonga mlango wa mtu?

Halafu mkachapisha kwamba haya ni mafuriko ya miaka 100, mkaishia hapo. Jirani zangu sasa wanaamini mengine watayaona vitukuu. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, hata mwaka ujao. Ukikaa hapo miaka 30, uwezekano wa kuyapata unafika karibu asilimia 26.

Na lile kalvati la barabarani? Limezibwa na matawi na chupa za plastiki. Nimeliripoti mara mbili, nikaandikwa daftarini. Penye matete, ambapo mto ulizoea kujitandaza, wamejaza kifusi wakajenga.

Nguzo ya kati ya daraja ipakwe alama kila sentimita 10, nyeupe hadi mita mbili, nyekundu kwenda juu, na imulikwe taa. Dhoruba ikipita, mtu aisome kila nusu saa hadi maji yaanze kushuka, na mwenzake wa daraja la juu ampigie simu. Nyekundu ikiguswa, king'ora kilie. Rangi ninayo, makopo mawili. Naomba ruhusa na ngazi ndefu, nitaipaka mwenyewe.

Mkazi wa kando ya mto