Usiioshe Sufuria Ile Bado

Mwanangu mpendwa,

Hadithi yako nimeisoma mara mbili, ya pili usiku, wote wamelala. Ulisema hutaki sifa za mzazi, basi sikia: pale mzee anapofiwa na mkewe umeandika "alijawa na huzuni isiyo kifani." Nikapita bila kushtuka. Ila ukurasa uliofuata umetaja, kwa kupita tu, sufuria aliyoiacha marehemu jikoni ikiwa na mchuzi nusu. Hapo nikasimama. Wewe ukaendelea na msafara wako, mimi nikabaki jikoni.

Rudi kwenye sufuria hiyo. Mchuzi ule ndio pishi lake la mwisho. Siku ya pili umeanza kuchacha. Binti yao anataka kuiosha, mzee anamzuia. Au anaupasha moto na kuula hivyo hivyo ulivyochacha. Lolote utakalochagua, neno huzuni utalifuta mwenyewe.

Pete hukaa, picha hukaa. Chakula hakikai: kinapoa, kinaota ukungu, au kinaliwa kikaisha. Kwa hiyo anayekataa kuachana na jambo, chakula kitamuumbua. Katika Great Expectations ya Charles Dickens, iliyotoka mwaka 1860 hadi 1861, Miss Havisham aliachwa na mchumba asubuhi ya harusi. Akasimamisha saa zote za nyumba kwenye saa mbili na dakika 40, na keki ya harusi akaagiza isiguswe. Miaka ikapita. Saa zilimtii, keki haikumtii, ikaoza, buibui wakahamia humo. Kwangu mimi hakuna maelezo ya uchungu yanayoishinda keki ile.

Laura Esquivel, katika riwaya yake ya 1989, alikwenda njia nyingine: Tita anatoa machozi akiandaa keki ya harusi ya dada yake, anayeolewa na mwanamume ampendaye Tita, na wageni wakiila wanaangua kilio. Naipenda, lakini usiiige. Uchawi ule una mwenyewe.

Karibu zaidi na mzee wako ni hadithi ya Raymond Carver, A Small, Good Thing. Mwokaji amewasumbua kwa simu wazazi ambao hawakuja kuchukua keki ya siku ya kuzaliwa, hajui kwamba mtoto amefariki. Wanapomkabili anaomba radhi, kisha anawapa mikate ya moto. Mama anakula mitatu. Hesabu ile ya mitatu ndiyo iliyonikaba koo, kuliko maneno yote ya radhi.

Na tafadhali, usianze kuweka sukari kila penye mapenzi na pilipili kila penye hasira. Msomaji atakugundua kabla ya ukurasa wa tatu.

Nina swali moja tu: mwishowe nani ataiosha sufuria, na lini? Ukishajua, ukurasa huo nitumie kwanza, hata kama haujakamilika.

Mimi mama yako.