Usimkeshe Wanja

Kisumu,
Jumapili jioni

Mama Wanja mpendwa,

Ujumbe wako ulinikuta soko la Kibuye nikichagua omena, nikaona hili si jambo la kujibiwa kwa simu. Kumbe mwalimu anataka Wanja apelekwe kupimwa akili na uwezo wa kujifunza, na baba yake amekataa, eti mtoto wake hana wazimu. Hata mume wangu alisema hivyo hivyo. Ukitaja mwanasaikolojia, watu wanasikia Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili.

Nianze na kosa langu, usije ukalirudia. Usiku wa kuamkia siku ya mwanangu Ochi kupimwa nilimkalisha mezani na karatasi za mitihani ya zamani mpaka saa nne na nusu. Asubuhi nikampa mayai mawili na onyo: leo usiniaibishe. Akafika kituo cha vipimo macho mekundu. Yule mama mpimaji aliuliza tu kama mtoto amelala vizuri, nami kwa fahari nikamweleza nilivyomwandaa. Akaweka kalamu chini. Alisema hiyo ni sawa na kumeza Panadol njiani ukienda kupimwa joto. Akaturudisha nyumbani mpaka Alhamisi iliyofuata.

Alhamisi hiyo alianza na mimi, si mtoto. Alizaliwaje, aliongea lini, amewahi kulazwa, nyumbani mnaongea lugha gani. Akapekua madaftari yake ya shule ukurasa kwa ukurasa. Halafu macho na masikio, maana kama mtoto hasikii vizuri, utadhani unampima akili kumbe unampima masikio. Ndipo wakaenda mezani, mimi nikiwa nimeketi nyuma, nimekatazwa hata kukohoa.

Kulikuwa na vitalu vyekundu na vyeupe vya kupangwa vifanane na mchoro. Ochi alivimaliza haraka, akainua kichwa kama anayeuliza, ni hivyo tu? Akatajiwa tarakimu azirudie, kisha azirudie kinyumenyume. Hapo alijikokota. Halafu ikaja karatasi ya maneno yasiyo na maana yoyote, ya kusomwa tu kwa herufi zake. Mama Wanja, nilimwona mwanangu akipangusa viganja kwenye kaptula, mara moja, mara ya pili. Neno la kwanza lilimchukua muda mrefu kuliko vile vitalu vyote. Nilitaka kumnong'onezea. Lakini maswali huulizwa kwa maneno yale yale kwa kila mtoto, na ukimsaidia wako, alama yake hailinganishiki tena na ya yeyote.

Mwishoni nilitaka namba. Sisi tumelelewa na KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, bila namba tunahisi tumeibiwa. Akanichorea mlima wa alama: kileleni 100, ndiyo wastani, na kiasi cha watoto wawili kati ya watatu wako baina ya 85 na 115. Ya Ochi hakuitaja kama namba moja, alinipa "kati ya hapa na hapa", kwa sababu mtoto yule yule akipimwa wiki nyingine atapanda au atashuka kidogo. Akaniambia pia kwamba hata huo mlima ulichorwa kwa watoto wa Marekani, kwa hiyo tuusome kwa tahadhari. Kilichomshughulisha zaidi ni lile pengo: vitalu juu, kusoma chini kabisa. Akaliita disleksia, yaani ugumu wa kusoma usiotokana na kukosa akili. Shuleni walikuwa wamemwita kichwa maji, tena mbele ya wenzake. Hilo bado sijawasamehe.

Mama mkwe wangu aliposikia akauliza kama hiyo karatasi ilipima na luoro. Unajua sisi Wajaluo rieko, yaani ujuzi, tu haitoshi: kuna luoro, yaani heshima, kuna winjo, kuelewa mambo ya maisha, kuna paro, kuanzisha jambo mwenyewe. Nilidhani mpimaji atacheka. Badala yake akanisimulia kwamba watafiti waliwahi kwenda Usenge, kule Siaya, wakawapima watoto ujuzi wa dawa za mitishamba, na waliozijua zaidi ndio walioelekea kupata alama ndogo kwenye vipimo vya kishule. Utafiti huo ulichapishwa 2001.

Mwambie Baba Wanja kwamba aliyeanzisha vipimo hivi, Mfaransa Alfred Binet, alikuwa ametakiwa na serikali yake kutafuta njia ya kuwatambua watoto wanaohitaji msaada darasani. Kipimo chake kilitoka 1905, na yeye mwenyewe aliwapinga waliodai kwamba akili ya mtoto haiwezi kuongezeka. Mtu akitaka kukitumia kumfukuza Wanja shuleni, hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Kwa hiyo kabla hamjaenda, muulize mwalimu: unataka kujua nini hasa? Kama ni "tujue ana akili au hana", kataa. Kama ni "kwa nini anajua hesabu za mdomo lakini za kuandika zinamshinda", nenda. Hapo Nakuru ulizia EARC, vituo vya serikali vya kupima mahitaji ya watoto kimasomo, vilivyoanza 1984. Beba madaftari yake, mwambie mpimaji kwamba nyumbani mnaongea Kikuyu, na usiondoke bila ripoti ya maandishi uliyofafanuliwa mpaka ukaelewa. Mlaze mapema.

Ochi sasa anasoma na kadi za silabi kila jioni, dakika ishirini, huku akilalamika. Anauliza kama Wanja bado ana ile baiskeli isiyo na breki.

Wako,
Mama Ochi